Nusu ya Nyuma

Tarehe 9 Februari

Shemeji yangu,

Kabla hujasoma zaidi, mpe mama shikamoo yangu na umkalishe, maana najua atasimama akisikia barua ni yangu. Mtoto mshike kichwa kwa niaba yangu. Atakuwa na miaka minane sasa, kama sijakosea hesabu.

Mimi mzima. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha matofali ya saruji. Kiwanda ni jina la heshima tu. Ni uwanja, mashine mbili, bomba la maji na kelele. Natoa matofali mabichi kwenye mashine na kuyapanga juani. Saruji imenipasua vidole, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa. Chumbani ninakaa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwema, anakoroma kama vile bado yuko kazini. Kalamu hii ni yake.

Najua unajiuliza kwa nini imepita miaka miwili tangu tuachiwe na sijaandika. Barua nimeanza nyingi. Mimi nimeishia darasa la sita, na mwandishi wa nyumba yetu alikuwa kaka.

Nataka nikupe kitu chake. Kule kambini, tulipokuwa mateka, kazi yetu ilikuwa kubeba mawe ya barabara. Yalipakiwa kwenye machela, watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kaka alishika mbele, mimi nyuma. Kuzungumza kulikatazwa. Kuimba kuliruhusiwa, kwa sababu walinzi waliona tukiimba tunatembea haraka. Basi kaka akaanza kutunga. Yeye anatoa nusu ya mbele ya mstari, mimi natakiwa nitoe nusu ya nyuma kabla hatujafika kwenye lundo la mawe. Mizani nane kwake, nane kwangu, na vina vikae mahali pake. Nikishindwa nalala nayo, na asubuhi jambo la kwanza ananiuliza, "Mdogo wangu, umeipata?" Karatasi hatukuwa nayo. Kila kitu kilikaa kichwani. Huu ni wa wiki ya kwanza, na ni wako:

Mlango wetu nyumbani, haufungi bila teke;
Sasa aupiga nani, au ni mguu wake?
Mvua iko njiani, na upepo usivuke;
Nawaomba majirani, upigeni kwa mateke.

Hiyo "au ni mguu wake" ni yangu, unisamehe utani. Kaka alicheka mpaka mlinzi akatupigia kelele.

Baadaye tulitenganishwa, mwezi wa kumi na moja. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Ni mimi shemeji yako, wa matofali.


Tarehe 2 Machi

Shemeji,

Barua yako ilifika na alama ya kidole cha saruji juu ya bahasha. Mama aliinusa kabla hajaniruhusu kuifungua. Alikaa kama ulivyoagiza, akasimama, akazunguka ua mzima, akarudi kukaa. Anakujibu marahaba na anauliza unakula nini na nguo anakufulia nani. Ana nguvu, ila goti la kulia linamsumbua. Mtoto ana miaka minane kamili, hana meno mawili ya mbele, na ana maswali kumshinda mwalimu wake. Mimi bado nashona sare za shule kwenye lile duka karibu na posta. Cherehani ni ile ile, mguu wa kuikanyaga ndio umezeeka.

Ubeti niliusoma jikoni nimesimama. Nilicheka, shemeji. Halafu kicheko kikakatika. Mlango ulipigwa randa mwaka jana na sasa unafungika kwa kidole. Nakuambia mapema, usije siku moja ukaurushia teke ukaangukia ndani.

Sasa nami nina swali, na ni hilo moja tu. Umeandika "tulitenganishwa." Aliyewatenganisha nani? Kaka yako alipelekwa wapi? Kule ofisi ya mateka wa vita jina lake halimo kwenye orodha ya waliorudi, wala ya waliokufa. Nimeenda mara sita. Karani ameshanizoea, akiniona kwa mbali anasema, "Mama wa orodha huyo, mwacheni apite." Natoka pale bila kujua nisuke nywele au nijifunge kitambaa cheusi.

Wewe ulikuwa nyuma yake. Niandikie ulichokiona.

Shemeji yako.


Tarehe 17 Aprili

Shemeji yangu,

Nisamehe kuchelewa. Mashine moja iliharibika, tukawa tunashindilia matofali kwa mkono wiki tatu, jioni kidole hakikunjiki. Mwambie mama nakula vizuri, na nguo najifulia mwenyewe, hata kola. Goti alikande kwa maji ya moto asione uvivu. Mtoto mwambie meno yataota, mimi nilikaa bila ya mbele mwaka mzima na hakuna aliyenikimbia.

Umeniuliza swali. Nimelisoma, zaidi ya mara moja. Ngoja kwanza nikueleze jambo moja ili ujue tuliishi vipi.

Kule watu hawakufa kwa njaa peke yake. Mtu alikuwa anaanza kunyamaza. Ukimuuliza jambo anakuangalia kama unatoka mbali. Siku ya tatu anagawa kijiko chake, na siku ya nne haamki. Sisi tuliokuwa na nusu ya mstari kichwani hatukupata nafasi ya kunyamaza. Ukitafuta neno lenye mizani tatu linaloishia na "ke," unafika kwenye lundo hujaona njia, na mkate uliokuwa unauwaza umeusahau. Jozi nyingine za machela zikaiga. Ikawa kwenye foleni ya supu watu wanaulizana, "Nyie mmefika wapi?" Mtu anakataa kufa kwa sababu kina hakijakaa. Si utani. Nilimwona mmoja ana homa, anatetemeka, anasema, "Msinizike, bado natafuta."

Tulikuwa na hakimu wetu wa mizani. Mzee mmoja, kabla ya vita alikuwa kinyozi, amepoteza vidole viwili kwa baruti. Vikabaki vinane. Kaka akasema huyu Mungu amemuumba kwa kazi hii, vidole vyake ni mizani kamili, hawezi kukosea. Tukamwita Hakimu. Mkipita naye na machela anakunja kidole kimoja kimoja, vikiisha vyote anatikisa kichwa, mmefaulu.

Tulitunga beti sitini na tatu, mimi na kaka. Ninazo zote. Huu ndio wa mwisho:

Nikifika nitalala, kitandani kwa mapana;
Sitaki hata chakula, ila maji na kuona;
Kwa wingi wake fadhila, tutakutana mchana;
Salamu zangu jumla, kwa mwenzangu na kwa mwana.

Kengele ya kazi imelia. Salamu kwa wote.

Shemeji yako.


Tarehe 6 Mei

Shemeji,

Sisi wazima. Mama amekanda goti siku mbili, siku ya tatu akasema maji yanamchosha kuliko goti. Mtoto ameota jino moja, limepinda kidogo kama lako.

Ubeti wako wa mwisho ameushika. Mstari wa nne hasa. Anauimba akioga, anauimba akifagia, ameufundisha darasa zima. Jana amemwambia mwalimu, "Mimi baba yangu alinisalimu kwenye shairi." Nimekuandikia hili ujue umetia nini katika nyumba hii.

Mstari wa tatu nao nimeutazama sana. "Kwa wingi wake fadhila." Shemeji, nimelala na huyo mwanamume miaka mitano. Hajawahi kusema "fadhila," hata siku ya harusi alipopewa nafasi ya kusema akiwa na kanzu ya kuazima. Kaka yako ni mtu wa kusema kiatu, sufuria, mguu, kitanda. Neno hilo lilitoka kwako. Na kama hilo ni lako, sijui ni mangapi mengine.

Mimi nikwambie la kwangu, kisha wewe uniambie la kwako. Aliyepiga mlango randa ni seremala wa nyuma ya shule. Mkewe alifariki. Amekuja kwa mama kwa heshima, ameeleza shida yake, akaondoka. Hajanigusa hata mkono. Mama hataki kusikia, anasema mwanawe hajafa, ana mdogo wake huko aliyeonana naye, angekuwa amekufa angeandika. Unaona ulivyotuweka? Kunyamaza kwako ndiko mama anakoshikilia.

Familia itakaa tarehe 15 Juni. Wataniuliza mimi ni mke au ni mjane. Nina miaka thelathini na minne. Siwezi kuendelea kuwa mke wa bahasha. Akiwa hai nitamngoja mpaka nipinde mgongo, na seremala nitamwambia hivyo mbele ya watu. Akiwa amekufa nataka nimlilie. Sijawahi kumlilia, shemeji, miaka yote hii. Kila machozi yakija najizuia nisimchulie.

Usiniletee ubeti mwingine. Nijibu.


Tarehe 30 Mei

Shemeji yangu,

Leo sisalimii sana. Mama asisomewe barua hii mpaka wewe umeimaliza, nawe ukae.

Kaka amekufa. Alikufa tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, asubuhi, njiani, kati ya machimbo na lundo. Nilikuwa nyuma yake. Hakuna aliyetutenganisha ila hilo.

Sasa nakueleza lilivyokuwa, kwa sababu ndilo lililonizuia kurudi nyumbani.

Kuanzia mwezi wa kumi nusu zake zilianza kupungua. Mizani nane ikawa saba, mara sita. Mtu wa nyuma haoni uso, shemeji. Anaona mgongo, shingo na visigino. Mgongo wake ulikuwa unatembea kama siku zote. Nikadhani anafanya uvivu. Nikadhani beti sitini zimemchosha, ananitupia chochote ili nihangaike mimi. Nikawa namtania. "Kaka, unaniibia mizani!" Tukipita kwa Hakimu, mzee ananyoosha vidole viwili vilivyobaki bila kukunjwa, watu wanacheka, nami nacheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa namshinda kaka yangu kitu. Nilifurahi. Hilo nalo liandikwe.

Pumzi ndiyo iliyokuwa inaisha. Kila mizani iliyopungua ilikuwa pumzi. Mtu mwingine yeyote angejua. Mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu moja moja, kila siku, na sikujua nahesabu nini.

Asubuhi ile alianza vizuri. Nikifika nitalala, mizani nane. Nikampa yangu. Halafu akasema, "Sitaki chakula." Sita. Nikamwambia, "Mbili zimeanguka njiani, rudi uziokote." Nikampa yangu. Halafu akasema, "Nitalala." Nne. Nikamwambia, "Hilo umeshalisema, tafuta jingine." Akanyamaza. Nikasema, "Kaka, zamu yako." Kimya. Nikasema tena, ninacheka. Nikasema mara ya tatu. Ningesema "tuweke chini tupumzike," mlinzi angetupa kipigo, lakini kipigo tulikuwa tumeshakizoea. Mara ya tatu ndipo machela ikashuka upande wa mbele. Alikuwa amepiga magoti, mikono bado imeshika miti. Jiwe halikumgusa.

Kwa hiyo ubeti wa kweli ni huu, wote:

Nikifika nitalala, kitandani kwa mapana;
Sitaki chakula, ila maji na kuona;
Nitalala

Yaliyobaki niliyatunga mimi. Sikuweza kukaa na ubeti uliokatika. Nilianza kuujazia siku ile ile, nikiwa nabeba na mtu mwingine, na nimeujazia kwa miaka. Hiyo "hata" ni yangu. Fadhila ni yangu. Na salamu kwa mwenzake na kwa mwana ni yangu pia. Hakupata pumzi ya kuwasalimu. Mtoto mwambie unavyoona inafaa. Usipomwambia nami nitakaa kimya.

Mashairi yaliniokoa mimi, hilo nalijua. Lakini sijui, pengine ningekuwa sina shairi ningeinua macho nikamwona. Ndilo ninalolala nalo.

Usinijibu kama huwezi.


Tarehe 21 Julai

Shemeji,

Sikuweza. Barua yako niliisoma, nikaifungia kwenye sanduku la vitambaa, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikikuchukia kuanzia asubuhi hadi nizime taa. Nimeona nikuambie, kwa kuwa nawe uliniambia ulifurahi.

Nilimsomea mama siku mbili kabla ya kikao. Hakupiga kelele. Aliniomba nirudie pale alipopiga magoti, nikarudia. Kisha akaenda kufua shuka ambazo zilikuwa safi. Kwenye kikao alisema yeye mwenyewe: "Mwanangu amekufa, mdogo wake ameandika." Tukalia, shemeji. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, majirani wakaja, nao wakalia, ikawa kama amekufa jana. Kwangu alikufa jana.

Seremala alikuja kutoa pole, akakaa na wanaume, akaondoka. Nimemtumia ujumbe kwamba mwaka huu nina msiba. Amejibu kuwa ameelewa. Zaidi ya hapo sitaki uniulize juu yake.

Sasa la kwangu, ambalo nilikuficha nikiwa nakulaumu kwa kuficha. Kaka yako aliondoka hapa mgonjwa. Alikohoa miezi mitatu kabla hamjaitwa. Daktari alimpa karatasi kwamba hafai jeshi wala mzigo mzito. Nilimwambia aipeleke, akasema, "Nikibaki, mdogo wangu ataenda peke yake, na yule hata kufunga viatu mpaka umkumbushe." Akanipa karatasi niifiche, akaniapisha nisikwambie wala mama asijue. Nikaapa. Bado ninayo, imo ndani ya kasha la cherehani. Umeandika kwamba alishika mbele. Umesema mtu wa nyuma haoni uso. Kaka yako alilijua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana akakuweka nyuma.

Sisemi nimekusamehe. Sijui kama kuna la kusamehe, au kama mimi ndiye wa kusamehe. Mama amejua habari ya karatasi na kwa siku tatu hakula chakula changu. Sasa anakula.

Mtoto nimemwambia ukweli wa ule mstari. Alinuna, akauliza, "Kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyenisalimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tumjibu." Kwa hiyo anakujibu marahaba, ingawa hukumwamkia, na anacheka mwenyewe kwa utani wake. Halafu ameuliza jambo ambalo mimi nimeshindwa. Baba alipoondoka yeye alikuwa anatambaa. Anataka kujua sauti yake ilikuwaje. Nimejaribu kumwigizia, nikasikia ni mimi tu najikaza koo.

Mama ana swali moja: je, ulimfunika?


Tarehe 4 Agosti

Shemeji yangu,

Mwambie mama ndiyo. Walinipa muda wa kuvuta sigara moja, mlinzi mwenyewe akaivuta akituangalia. Nilimvalisha shati langu juu ya lake, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Hakimu alichimba nami kwa vidole vyake vinane. Tulimlaza chali, mahali pakavu, upande wa juu wa barabara, si wa chini. Napajua, na mama akitaka nitampeleka, hata kwa kumbeba.

Habari ya karatasi ya daktari nimeisoma nikiwa kazini, nikaacha mashine ikimwaga saruji chini. Msimamizi amenitukana mpaka akachoka. Viatu najifunga mwenyewe sasa.

Kazi nimeaga. Basi la kuja nyumbani linaondoka Jumamosi, njiani ni siku mbili. Fundi wa kuchomelea amenipa begi lake na kunikataza kulirudisha.

Kuhusu sauti. Ninakumbuka nusu zote za mbele kama alivyozisema, wapi alivuta, wapi alikata, wapi alisafisha koo akijifanya anafikiri. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikizisema nyuma ya rundo la matofali, mchana watu wanapokula. Siku za kwanza ilikuwa sauti yangu tu. Juzi, kwenye ubeti wa mlango, nilipofika "Sasa aupiga nani," ikatoka yake. Nilishtuka nikageuka.

Haiji kila mara, na ikija haikai. Mwambie mtoto asiende shule Jumatatu.